Fundo la Tete

Baguio, 3 Februari 1999

Shangazi Honorata,

Shikamoo. Ni mimi Eusebio, mtoto wa marehemu kaka yako, yule uliyemsindikiza hadi barabarani akiwa amebebwa mgongoni. Najua ulipoiona bahasha umesema, "Huyu akiandika ana shida." Basi nina shida.

Duka langu la kutengeneza baiskeli linaendelea. Siku hizi zimeingia baiskeli za milimani, zenye tairi pana, na vijana wa hapa wanazipenda kuliko wachumba wao. Kila Jumapili tunatoka kikundi kwenda kuzurura porini, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Tatizo ni kwamba njia za karibu zimetuishia. Moja imejengwa nyumba, nyingine imemwagwa lami. Wiki iliyopita nikapayuka mbele ya watu kwamba njia nzuri kuliko zote ziko kwetu Dalipang. Shangazi, mimi niliondoka huko meno hayajanijaa kinywani. Sizijui hata moja.

Nisitiri basi. Niandikie njia nzuri ni zipi. Baba alikuwa akiitaja moja ya ukingoni, inayopita juu ya msitu wa misonobari kisha inashuka hadi mtoni. Hiyo bado ipo? Nataka nije Aprili na rafiki mmoja tuzijaribu, kisha nizichore kwenye ramani ya kikundi.

Barua nampa Calixto wa lori la kabichi. Anasema kila safari huliacha lori akafika langoni kwako kwa miguu.

Mwanao,
Sebio


Dalipang, 14 Februari 1999

Sebio mwanangu,

Marahaba. Nimecheka hadi Calixto akauliza kuna nini. Watu wa huku wanatafuta barabara ili wasitembee porini, nyinyi mna barabara mnatafuta pori. Mji umewaharibu vichwa.

Unataka njia nzuri, nitakupa iliyo nzuri kuliko zote. Inaanzia pale lori linaposimama, inafuata mfereji wa maji, inapita uani kwa Rosenda. Rosenda atakuita ndani upende usipende, utakunywa kahawa na kula viazi vitamu, na atakuuliza kwa nini hujaoa. Ukitoka hapo unapita kwenye kingo za mashamba ya mpunga, kuna kivuli na kuna chemchemi, na kila unayekutana naye atakuuliza unakwenda wapi hata kama anajua. Halafu umefika kwangu. Njia nzuri ni ile ambayo mtu hakai kimya muda mrefu.

Hiyo ya ukingoni ni mbaya. Iache. Sitaki kuisema zaidi, wewe ni msafiri na bado hujafika, na msafiri hatajiwi mambo ya namna hiyo.

Utanisamehe kwa herufi kubwa. Mistari inanikimbia siku hizi, nikiandika ndogo siioni mwenyewe.

Huyo rafiki anakula nguruwe? Nina nyama ya chumvi imetundikwa juu ya moshi tangu mavuno. Na nina jogoo mkorofi anayesubiri mgeni.

Shangazi yako,
Honorata


Dagupan, 1 Machi 1999

We Sebio,

Asante kwa kunitumia barua ya Mama niisome. Nimeisoma darasani, wanafunzi wakidhani nasahihisha madaftari. Hiyo "mbaya" yake imeniua kwa kicheko. Si nilikuambia? Kwa Mama njia isiyo na kahawa ni mbaya. Na kwa watu kama sisi, mbaya ndiyo nzuri. Ile ya ukingoni nilikuwa naipita nikienda kuokota kuni, ni nyembamba, ina mizizi, ina kona za kukutoa roho. Tukishuka nayo kwa baiskeli utanishukuru hadi uzeeni.

Nimeomba likizo ya Aprili, nimepewa. Nakuja na baiskeli yangu. Lakini nisikilize vizuri: usimwambie Mama kwamba rafiki ni mimi.

Unajua tulivyoachana. Nilipokataa kurithi mashamba na kushuka huku tambarare kufundisha, alisimama langoni akaniambia, "Leonida, kama unapenda njia kuliko nyumba, basi kaa huko huko njiani." Na mimi kwa ukaidi nikakaa. Huu mwaka wa tatu. Sikuandika, hakuandika. Ukimwambia nakuja atajipanga, atavaa uso wa mbao, na mimi nitavaa wangu, tutakunywa kahawa kama watu wa ofisini. Nataka anione ghafla nimesimama mbele yake na matope hadi masikioni, asipate muda wa kukumbuka kwamba amekasirika.

Umeona herufi zake? Zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Zimenitia uchungu. Nimemnunulia miwani. Nitamvalisha mwenyewe, kisha nimwambie, "Sasa niangalie vizuri, Mama, ni mimi."

Wewe beba maji tu. Njia za kwetu nazijua.

Nida


Baguio, 10 Machi 1999

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi mno. Mwambie Rosenda atenge kikombe, na kuhusu kuoa namwandalia jibu.

Tunakuja wiki ya pili ya Aprili, mimi na rafiki yangu. Nguruwe anakula, tena anakula kunishinda. Lori litatushusha kule juu msituni, tushuke kwa baiskeli hadi kwako. Hofu yangu ni moja: njia panda za msituni ni nyingi na mimi ni mgeni kwetu. Naomba tuwekewe au uweke mwenyewe alama kidogo pale njia zinapogawana, hata jani la kufunga tu, ili tusije tukapotea na kukuaibisha.

Kuna jambo jingine litakalokufurahisha, lakini hilo utaliona kwa macho yako.

Sebio


Dalipang, 28 Machi 1999

Sebio mwanangu,

Kuomba alama ni akili. Kumbe mji haujaimaliza yote.

Nimepanda hadi msituni mwenyewe, sikutaka kumtuma mtu. Nimefunga. Pale njia inapogawana, upande wa ukingoni, nimefunga fundo la tete mbichi, kubwa, kipofu ataliona. Huna haja ya kumuuliza yeyote. Ukiliona fundo utajua la kufanya, wewe ni mtoto wa kaka yangu.

Magoti yanauma lakini moyo umetulia. Sasa naweza kulala.

Hilo la kunifurahisha nalisubiri. Nimezeeka, usinifurahishe sana kwa mara moja.

Shangazi yako,
Honorata


Baguio, hospitalini, 2 Mei 1999

Shangazi,

Sijui nianze vipi. Salamu zimenikataa.

Mguu wangu wameutia vyuma. Siku ya maziko nilikuwa nimelala hapa, nikimuuliza kila muuguzi kama kuna mtu ametoka Dalipang. Hakuna aliyetoka. Nimengoja neno lako, hata la kunilaani. Hujaleta.

Basi nitaandika mimi, na utanisamehe kwa sababu nina hasira.

Tulishuka kwenye lori asubuhi, msitu una ukungu. Nida alikuwa anaimba. Nilitangulia kwa sababu mnyororo wake ulikuwa umechomoka, akainama kuurudisha. Barua yako ya mwisho sikuwa nimemwonyesha. Nilitaka nijigambe, nimwongoze njia za kwao mimi niliyekulia mjini. Nikafika njia panda. Fundo lako lilikuwepo, la kijani, kubwa kama ulivyosema. Nilifurahi, Shangazi. Nilisema moyoni, mzee huyu amekubali, ametufungulia ile tamu. Nikaingia.

Nikamsikia nyuma akipiga kelele, "Fundo! Sebio, fundo!" Nikajibu bila kugeuka, "Nimeliona!" Akazidi kuita. Nikadhani tunashindana, nikazidi kukanyaga.

Baada ya kona njia haipo. Mvua za mwaka jana zimeila, limebaki bonde. Baiskeli yangu iligonga mzizi kabla ya pale, ikanitupa upande wa mlima. Nilikuwa chini naushika mguu wangu alipotokea kwenye kona. Alikuja kwa kasi kuliko mimi. Alikuwa bado anaita jina langu.

Mimi walinibeba kwenda barabarani, yeye wakambeba kuja kwako.

Ulijua njia imekatika. Mtu aliyepanda hadi pale kwa magoti yake mabovu hawezi kukosa kujua. Nieleze jambo moja tu, nami sitakusumbua tena. Kwa nini uliifunga alama pale?

Eusebio


Dalipang, 19 Mei 1999

Ndugu Eusebio,

Mimi ni dereva, si mwandishi, utanivumilia.

Barua yako nakurudishia ilivyo, haijafunguliwa. Si kwamba shangazi yako ameikataa. Hakupewa. Langoni kwake kuna fundo la tete tangu walipomzika binti yake pale juu ya shamba. Watu wanamwekea chakula juu ya ukuta wa mawe, anatoka kukichukua wakishaondoka. Rosenda mwenyewe, ambaye hajawahi kuliona lango asiingie, anafika pale anasimama, analia, anarudi.

Kwa kuwa ulitoka huku ukiwa mdogo, labda nikueleze. Tete likifungwa fundo likachomekwa mahali, sisi tunaliita pudong, maana yake hapa hapapitwi. Hata kama shamba la mtu lina chakula na wewe una njaa, ukiliona unapita mbali. Mtoto anayetambaa analijua. Mtu wa kwetu havuki fundo, ndiyo maana sikuvuka.

Watu wanasema maneno mabaya juu yako. Wanasema uliliona ukapita, kwamba mmekuwa wa mjini na mambo yetu mnayaona ya kijinga. Mimi nilikushusheni kwenye lori nikaona mlivyokuwa mnacheka, na hilo haliniingii akilini. Kama una la kusema, sema.

Calixto


Baguio, 26 Mei 1999

Shangazi,

Nimemwomba Calixto asimame nje ya lango aisome barua hii kwa sauti. Anasema fundo linazuia miguu, halizuii sauti. Ukichoka kusikia, mwambie anyamaze.

Sikujua.

Huku sisi waendesha baiskeli tukifunga jani au kitambaa kwenye njia panda, maana yake ni piteni hapa. Ndivyo ninavyojua mimi, na ndivyo nilivyodhani nimekuomba. Uliposema umefunga, nilielewa umefunga alama. Kumbe ulikuwa umefunga njia. Neno ni lilo hilo moja, nami nimelisoma mara nyingi kwenye barua yako na kila mara lilinicheka.

Sikulivuka fundo lako kwa dharau. Nililifuata kwa sababu ni wewe uliyelifunga.

Lakini Nida alijua. Alikulia kwako. Sasa naelewa alichokuwa akiita. Mimi nilidhani ananionyesha alama, kumbe alikuwa ananiambia nisimame. Alipofika njia panda aliliona fundo, na mimi nimeshaingia. Angeweza kubaki pale, yeye alikuwa salama. Aliingia akijua. Hakuwa anashindana na mimi, Shangazi, alikuwa anakuja kunirudisha.

Na kuna jambo lingine, lile nililokuahidi kuwa litakufurahisha. Kama wapo wanaokuambia kwamba alipita Dalipang kucheza baiskeli na hakukusudia hata kukuona, hawajui. Rafiki niliyekuwa nakuambia ni yeye. Likizo yake yote ilikuwa ya kwako. Alisema nisikuambie, usije ukapata muda wa kukumbuka kwamba umekasirika.

Kwenye mkoba wake kulikuwa na miwani. Yako. Mkoba uliletwa hospitalini pamoja na mimi kwa makosa. Nimempa Calixto aitundike langoni. Kioo kimoja kina mstari, sikukibadilisha, kwa sababu kilichaguliwa na yeye. Alitaka kukuvalisha, kisha akwambie, "Sasa niangalie vizuri, Mama, ni mimi."

Ile barua niliyoandika mwanzo nimeichoma. Ilikuuliza swali ambalo mtoto anayetambaa angenijibu.

Siombi unipokee. Nimetaka ujue tu kwamba alikuwa amefika nyumbani.

Sebio


Dalipang, 6 Juni 1999

Ndugu Eusebio,

Nimefanya ulivyoniomba. Nimeegesha lori na kabichi zake juani, nikaenda kwa miguu, nikasimama nje ya lango nikaita, "Mama Honorata, kuna barua ya Sebio, naisoma nikiwa huku huku!" Nikasoma.

Watu wakaanza kukusanyika. Nikawaambia waondoke, wakasogea kidogo, wakabaki. Nilipofika pale ulipoandika kwamba binti aliingia akijua, nikasikia sauti yake kutoka ndani.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia. Ndugu yangu, mimi ni mtu mzima, nimebeba maiti kwenye lori hili, lakini pale ilibidi nifute macho kwanza. Mzee mmoja kati ya waliokuwa wakikusema sana akavua kofia.

Nilipomaliza nikauliza, "Mama, nimpe jibu gani?" Akasema, "Tundika hicho ulichopewa, nenda, kabichi zitanyauka." Nikaitundika miwani kwenye nguzo. Niliporudi siku ya pili yake haikuwepo. Fundo lilikuwepo.

Calixto


Dalipang, 3 Oktoba 1999

Sebio mwanangu,

Umesubiri muda mrefu. Nilikuwa sina la kukuandikia ambalo lisingekuumiza.

Nitasema lililokuwa moyoni, ili litoke. Waliponiletea mwanangu, waliniambia fundo langu limekutwa mahali pake, halijaguswa, na alama za tairi zimepita pembeni yake. Nikasema, basi kaka yangu amezaa mtoto asiyekuwa na kwao. Nilipoambiwa mguu wako umevunjika nikasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikaona ni haki. Ndivyo nilivyokuwa nikikaa humu ndani, nikikuchukia, na nikijichukia, maana neno la mwisho nililompa mwanangu ni kwamba akae njiani.

Sasa nimeyasikia yote. Wewe uliniomba alama ya kupita, mimi nikakupa alama ya kutopita, na kila mmoja wetu alimpenda mwenzake alipokuwa akifanya hivyo. Nimelipindua jambo hili usiku na mchana nitafute mkosaji wa kumshika. Simpati. Ingekuwa rahisi kama ningempata.

Umeona herufi zangu? Zimerudi kuwa ndogo. Ule mstari kwenye kioo ulinisumbua mwanzoni, ulikuwa ukipita katikati ya kila neno. Nimeuzoea. Nikiinua macho kutoka kwenye karatasi naliona kaburi vizuri, na uzio wa misonobari alioupanda akiwa msichana, nilikuwa nimeusahau. Namwangalia vizuri, kama alivyotaka.

Wale wenzako wa baiskeli, kama bado wanatafuta njia, usiwafiche za kwetu. Mpunga hauogopi tairi. Lakini wafundishe fundo kwanza. Wakalishe chini pale dukani kwako, uwape tete mkononi walifunge wenyewe, usiwaambie kwa mdomo tu. Maneno tumeona yanavyofanya.

Na wewe njoo. Calixto ananiambia unatembelea magongo. Basi shukia pale lori linaposimama, fuata mfereji polepole, pita uani kwa Rosenda. Atakuita, ingia, unywe kahawa yake hadi mwisho, na akilia mwache alie. Kila utakayekutana naye atakuuliza unakwenda wapi. Mjibu kwa sauti wasikie wote kwamba unakwenda kwangu. Yule jogoo mkorofi bado yupo, hakupata mgeni wa kumchinjia.

Fundo la ukingoni liko palepale. Tete likikauka napanda nalibadilisha.

La langoni nimelifungua leo asubuhi.

Shangazi yako,
Honorata